Jukwaa Lisilopokea Sauti

Binti yetu alikuja Jumamosi moja na daftari la shule, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani kati yangu na mama yake. Anafanya kazi ya ukarani katika shule moja ya Old Kampala, na mambo ya mtandao kwake ni mepesi kama kuchemsha chai.

"Leo sitoki hapa mpaka mmechagua blogu ya Mama itakaa wapi," akasema.

"Ikae hapahapa Kasubi," mke wangu akajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Kodi ya kwingine siiwezi."

Tulicheka sote. Nakumbuka kicheko cha siku ile kilikuwepo, lakini siku hizi nikijaribu kukisikia, sikisikii. Ndiyo maana nimeamua kuandika habari hii kabla na mengine hayajaniponyoka.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kawa, zile za kufunikia sinia la chakula. Alizishona kwa sindano nene na ukindu uliotiwa rangi, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ikapatikana kawa pana kama ngao. Alifundishwa na mama yake katika nyumba za askari, kwa kuwa baba yake alikuwa mwanajeshi aliyeletwa Kampala kutoka kaskazini. Mtindo wake mmoja, wa mistari myekundu iliyonyooka kutoka katikati hadi ukingoni, aliuita gwaride, kwa sababu akiwa mtoto alizoea kumtazama baba yake akipangwa mstarini na wenzake. Familia zetu huziagiza kawa hizi kwa ajili ya harusi. Binti yetu alipoanza kuweka picha zake mtandaoni, walijitokeza wanunuzi wa Nairobi, na wengine wa Ulaya ambao bibi zao walikuwa wa huku.

Tatizo lilikuwa kwamba picha ilikaa siku moja, kisha ikazama chini ya picha za watu wengine. Na wanunuzi walikuwa wakiuliza. Huu mstari mweusi una maana gani? Kawa hii uliishona kwa ajili ya nani? Mke wangu alikuwa na jibu la kila swali, tena refu. Binti akaona Mama anahitaji mahali pake mwenyewe ambapo kila kawa itawekwa pamoja na habari yake, na mtu akija hata baada ya mwaka ataikuta.

Alituletea majukwaa matatu. La kwanza lilikuwa la bure, ila wenye jukwaa walikuwa wakipachika matangazo yao pembeni. Alitufungulia blogu ya mtu mmoja tuone mfano, na kando ya habari za mtu yule kulikuwa na chupa ya bia na jina la kampuni ya kamari. Hilo nililikataa papo hapo, na wote wawili hawakubishana nami.

La pili lililipiwa kila mwaka. Lilikuwa safi, lina herufi nzuri, maandishi yanapangika kama katika kitabu kilichopigwa chapa vizuri. Lilipokea maandishi na picha tu.

La tatu nalo lililipiwa, ila lilipokea sauti. Chini ya picha ya kawa pangekuwa na alama ndogo. Mteja angeigusa, akamsikia mshonaji mwenyewe akieleza.

"Hili la tatu, Baba," binti akasema. "Mama aongee tu. Ataongea wakati anashona, mimi naweka, basi."

Mke wangu akaishusha kazi yake mapajani. "Ndiyo, hilo. Mimi kuandika sijui. Mimi kalamu yangu ni huu mdomo."

Kisha wote wawili wakanitazama mimi, kwa kuwa ndani ya nyumba yetu jambo halikukatwa kabla sijasema.

Nilisomesha madrasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa kijana nilipelekwa pwani, nikakaa miguuni pa mashekhe, nikajifunza dini na Kiswahili cha vitabuni, na watu wa mtaani kwetu tangu hapo wananiita Maalim. Basi nilikohoa kidogo, nikasema kwamba sauti ya mwanamke wa heshima si ya kumwagwa mbele ya kila mwanamume anayepita mtandaoni. Nikataja kauli za wanazuoni. Nikasema tuchukue la pili: yeye atasema, mimi nitaandika.

Leo nina deni la kusema ukweli mbele ya Mola wangu. Nilizijua kauli zote za wanazuoni, sio ile moja tu. Nilijua kwamba wengi wao hawaoni ubaya wowote mwanamke kueleza bidhaa yake kwa adabu, na kwamba mke wangu huyohuyo alijadiliana bei na wanaume sokoni kila wiki nami nikala chakula alichonunua. Nilichagua kauli iliyonifaa. Tangu nilipostaafu hapakuwa na mtu aliyeketi kunisikiliza nikisomesha, na herufi za jukwaa lile la pili zilinivutia. Nilitamani kuyaona maneno yangu yamepangwa vile.

"Maalim ameshasema," mke wangu akamwambia binti, akaichukua kazi yake tena. "Andika la pili." Hakununa. Lakini baada ya kitambo kidogo aliongeza, kama anayeiambia sindano, "Ila wateja watadhani mimi nimesoma sana."

Tukaanza. Kazi ilikwenda hivi: yeye alijirekodi katika simu yake wakati anashona, kwa kuwa alisema mikono ikitembea na mdomo unatembea. Jioni baada ya sala ya alasiri alinipa simu, nami nikasikiliza na kuandika katika karatasi. Binti alikuja mwisho wa wiki, akayapeleka kwenye blogu. Sauti zilibaki ndani ya simu. Hatukuwa na haja nazo tena.

Nilikuwa nikimsafisha. Sina neno lingine. Alisema, kwa mfano, "Hii kawa nilishona wakati Maalim ana malaria. Anaita maji, anaita uji, anaita mama yake aliyekufa zamani. Mwanamume akipata homa utadhani anajifungua! Basi ona hapa, huu mstari umepinda. Hapo ndipo alipoita mara ya kumi." Mimi nikaandika: "Kawa hii ilishonwa katika kipindi cha maradhi nyumbani, na subira ya mshonaji inaonekana katika mistari yake."

Nilipomsomea alinisikiliza kwa adabu. "Ni nzuri," akasema. "Huyo mama ni nani?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Nilikuwa mwepesi wa kumwita kila nilipomaliza ukurasa. Popote alipokuwa, jikoni au uani, nilipaza sauti aje asikie. Na alikuja. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikumbuki nilimwita asije.

Presha ilimchukua kwa siku nne. Siku ya kwanza alisema kichwa kinamgonga, siku ya pili tulimpeleka hospitali, na alfajiri ya Alhamisi akarudi kwa Muumba wake. Sina la kulalamika. Alinipa miaka mingi na watoto, na aliondoka akiwa ametamka shahada, binti ameshika mkono wake. Nasema alhamdulillahi, na ninaposema naimaanisha, ingawa kuna siku ambapo neno hilo linanichukua muda mrefu kulitoa kifuani.

Kwetu sisi maiti wa kike huoshwa na wanawake, na aliyemwosha mke wangu ni mama mmoja wa mtaa wetu aliyefanya kazi hiyo kwa uaminifu tangu zamani. Ni desturi aliyeosha apewe baadhi ya vitu vya marehemu: kanga, viatu, mkeka. Baada ya hitima ya siku ya tatu nilimtolea nguo, kisha nikaona nimwongezee na simu, maana simu yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kioo na haikusikika vizuri. Nilitaka sadaka ya mke wangu iwe nzuri.

Lakini simu ya mwanamke ina mambo yake. Mna picha zake bila mtandio, mna maneno yake na mashoga zake. Maiti ana haki ya kusitiriwa. Nilijiambia, kama tulivyoufunika mwili wake, basi na simu yake niisitiri. Nikaipeleka kwa fundi wa simu kule Old Kampala, nikamwambia afute kila kilichomo.

"Vyote, mzee? Hutaki nikuhifadhie picha kidogo?"

"Picha anazo binti yangu. Futa."

"Nikishabonyeza hapa harudi mtu."

"Bonyeza, mwanangu," nikasema. Nikasimama pale nikiona kimstari kikijaa kwenye kioo cha simu, na moyoni nilikuwa na utulivu wa mtu anayetimiza wajibu. Wallahi, katika siku zile zote, hiyo ndiyo ilikuwa saa moja niliyojiona nimefanya jambo sawasawa.

Zikapita wiki tano. Binti alikuja Jumamosi kama ilivyokuwa kawaida yake, akakaa mahali palepale mkekani. Pembeni ya ukuta palikuwa na kawa ya mwisho ya mama yake, ya mtindo wa gwaride, sindano bado imechomekwa, ukingo haujafungwa. Hakuna aliyethubutu kuiondoa.

"Baba, nipe simu ya Mama," akasema. "Nataka kumsikia. Zile sauti alizokuwa anakurekodia."

Nilimweleza. Nilianza na haki ya maiti, nikaeleza na sadaka, na nilipofika kwa fundi niliona uso wake unabadilika, na hapo ndipo nami nilipoelewa nilichokuwa nakisema.

"Umeitoa na sauti zake ndani, Baba?"

"Nimezifuta."

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Alifungua blogu katika simu yake, akaanza kusoma habari ya kawa ya kwanza, akaacha. Akasoma ya pili, akaacha. Kisha akaiweka simu juu ya mkeka, kioo chini.

"Humu hamna Mama," akasema polepole. "Humu uko wewe."

Tulilia sote wawili, mimi na mtoto wangu, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

Jumatatu yake nilikwenda kwa yule mama aliyeosha. Niliona haya kubwa kuuliza habari za kitu nilichokwisha kukitoa, lakini nilikwenda. Aliniletea kiti, akasikiliza, akaipangusa simu kwa kanga na kuniwekea mkononi.

"Tazama mwenyewe, Maalim. Mimi nimekuta tupu. Humo sasa mna wajukuu zangu tu."

Nilitazama. Wajukuu walikuwa wengi na wazuri, mmoja anakula embe uso mzima. Nikamrudishia.

"Ichukue basi," akasema. "Ibaki kwako, iwe ukumbusho."

"Sadaka hairudishwi, mama."

Alinisindikiza mpaka njiani. Tulipoagana aliniambia kwamba siku ile alipokuwa anamwosha, vidole vya mke wangu vilikuwa bado na rangi ya zambarau, na kwamba aliisugua kwa sabuni na haikutoka yote. "Alizikwa nayo," akasema. "Nisamehe, ilikataa."

Nilitembea nikiifikiria rangi hiyo. Zambarau alikuwa akiipata kwa mtu mmoja tu, mwanamke Mkongomani anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu soko la Kalerwe, ambaye chini ya meza yake huweka mafungu ya ukindu wa kuagiza. Hao wawili walikuwa wakigombana juu ya rangi kila mwezi, na kwa kuwa mke wangu hakujua kuandika, waligombana kwa sauti, kila mmoja akimtumia mwenzake katika simu.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda boda hadi Kalerwe.

Yule mwanamke alikuwa anatwanga sombe. Aliponiona aliacha mchi ndani ya kinu, akafuta mikono, akanishika mabega, jambo ambalo kwa siku nyingine ningelikwepa.

"Papa, pole. Pole sana. Mama alikuwa ananigombeza mpaka nikasema, huyu akija leo nitajificha chini ya meza. Sasa nani atanigombeza?"

Nilimwambia ninachokitafuta. Hakuuliza mara mbili. Aliitoa simu kutoka kifuani mwake, akapekua, na pale nikaona jina alilomwandikia mke wangu: Mama Zambarau. Chini yake sauti zilipangana, moja, nyingine, nyingine, kila moja na urefu wake pembeni.

Aligusa ya kwanza. Haikufunguka. Yalitokea maneno, akaninyooshea simu nisome kwa kuwa alikuwa hana miwani. Yalisema sauti hiyo haipo tena ndani ya simu hii, mwombe aliyeituma aitume upya.

"Imesema nini, Papa?"

Nilimwambia ajaribu nyingine. Aligusa ya pili, ikasema vilevile. Ya tatu, ya nne. Akasema simu yake ilijaa mwezi uliopita, mtu wa duka akamsaidia kupunguza vitu ili ifanye kazi. Kila alipogusa niliyasoma maneno yaleyale, mwombe aliyeituma, nami nikasimama katikati ya soko, wapita njia wakinipiga vikumbo na mafungu yao ya ndizi.

Ilipobaki ya mwisho kabisa alisita. "Hii ni fupi," akasema. "Sekunde kumi na moja."

Akaigusa, na mke wangu akazungumza.

"Wewe mama, ile zambarau yako ni ya uongo! Nimelowesha kidogo tu, maji yote yamekuwa kama juisi, na vidole vyangu utadhani nimeiba matunda. Sasa sikiliza, safari hii nataka..."

Hapo ilipanda sauti ya mwanamume kutoka mbali, nene, yenye furaha, ikaifunika yake: "Njoo! Njoo usikie nilivyokuandika!"

Naye akacheka, kile kicheko. "Ngoja, Maalim ananiita. Nitakuambia."

Ikaisha.

"Alikuambia?" nikamuuliza yule mwanamke. "Alitaka nini safari ile?"

Alitikisa kichwa. "Hapana, Papa. Nilingoja. Hakusema tena."

Aliituma sauti ile kwa binti yangu palepale, mbele yangu, na nikamwomba asiifute hata simu ikijaa namna gani. Aliapa kwa jina la Yesu, nikamshukuru. Alinifungia sombe katika jani la mgomba na akakataa nilipe. Nilifika nyumbani nikaswali, na katika sijda nilikaa muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa nilikuwa na mambo mawili ya kusema, la shukrani na la msamaha, na sikujua nianze na lipi.

Jumamosi binti alikuja na daftari lilelile. Majina ya majukwaa matatu yalikuwa bado pale kwa mwandiko wake, la pili limezungushiwa duara.

"Lile la tatu bado lipo?" nikamuuliza.

"Lipo, Baba."

"Tuhamie huko."

Alinitazama kama anayetaka kuuliza habari za wanazuoni, kisha akaliacha swali lake lipite. Ni mtoto mwenye huruma. Alipiga picha ya ile kawa isiyomalizika, na sindano yake, akaiweka. Chini yake akaweka ile alama ndogo ya sauti. Tuliisikiliza pamoja, mara moja, ikitoka mahali ambapo ingekuwa inatoka tangu mwanzo.

"Nitajaribu kukuondoa wewe," akasema. "Ibaki ya Mama peke yake."

Alihangaika nayo karibu saa nzima. Kila alipoikata sauti yangu, ya mama yake nayo ilikatika, kwa kuwa nilikuwa nimepiga kelele juu ya maneno yake. Mwishowe aliniuliza afanye nini.

"Iache hivyo," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Na hapa chini? Niandike nini kuhusu hii kawa?"

Kalamu ilikuwa juu ya daftari, karibu na mkono wangu. Nilimwambia asiandike kitu. Mimi nilikwisha kuandika mengi.